Nani Atachota Maji ya Sungura Mwezi wa Tisa?

Kuna maoni yaliyoenea kiasi kwamba hakuna tena anayeyahoji. Ukikaa Migato, wilayani Itilima mkoani Simiyu, utayasikia kwa mwalimu, kwa mjomba aliyefika na boksi kutoka Bariadi mjini, na kwa mama anayeuza gengeni. Ukienda Mwanza au Dar es Salaam utayakuta kwa watu wenye geti na mlinzi. Wote wanasema mtoto apewe mnyama mdogo: sungura wawili, jozi ya simbilisi, njiwa, mtoto wa mbwa, kobe aliyeokotwa shambani, na kwa wale wa mjini wenye uwezo, hamsta ndani ya kizimba cha plastiki kama walivyomwona kwenye katuni. Wanasema mnyama mdogo hali sana, hahitaji nafasi, anamfunza mtoto kuwajibika, na akizaa analeta hela ya daftari.

Niyaeleze kwa haki kabla sijayapinga, maana wanaoyasema wana sababu zao. Usukumani mali ni ng'ombe, na ng'ombe mmoja ni mamia ya maelfu ya shilingi. Mtoto wa darasa la nne hawezi kumiliki ng'ombe. Sungura ananunulika kwa hela ya mayai. Nyasi zinaota bure. Mtoto anayerudi shuleni anapata shughuli badala ya kuzurura hadi giza liingie. Mabwana mifugo nao huhimiza mifugo midogo kwa kaya zenye ardhi finyu. Tena wapo wanaotaja Kivu ya Kusini, kule Kongo ya mashariki, ambako vita viliporomosha idadi ya ng'ombe na mbuzi wa watu, na familia nyingi zikajishikiza kwa simbilisi wanaokimbia jikoni, kwa sababu mnyama wa namna hiyo hufichika na huuzika haraka shida ikibisha.

Hayo yote ni kweli. Kosa liko kwenye hesabu. Kila mtu anahesabu kinachoingia, hakuna anayehesabu kinachotoka, na hakuna kabisa anayeuliza kinatoka kwa nani. Nitayajibu madai yenyewe moja baada ya jingine.

1. "Anakula mabaki tu"

Dai hili ndilo linaloua wanyama wengi kuliko mengine yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Meno ya sungura hayakomi kukua. Yanapunguzwa na kazi ya kusaga nyasi ngumu kutwa nzima. Mtoto akimpa ugali wa jana na maganda ya viazi, meno yanarefuka hadi yanachoma ufizi, tumbo linajaa gesi, na sungura aliyeacha kula kwa siku moja tayari yuko hatarini. Simbilisi ana shida ya aina yake. Mwili wake, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Lazima aipate kwenye majani mabichi kila siku. Akiikosa kwa wiki mbili au tatu anaugua kiseyeye: viungo vinavimba, hataki kutembea, manyoya yanasimama. Familia inasema kazeeka, au kapigwa baridi. Ukweli ni kwamba amenyimwa majani.

Sasa tutazame kalenda ya Simiyu. Mvua zinaanza Oktoba au Novemba na kukoma Mei. Kuanzia Juni ardhi inageuka rangi ya udongo, na wenye ng'ombe wanawaswaga mbali kutafuta malisho. Majani mabichi yanayobaki mwezi wa nane na wa tisa ni matembele na mchicha wa kumwagilia, yaani mboga ya familia. Mnyama aliyeletwa kwa maelezo kwamba atakula mabaki anaanza kugombea sufuria na watoto. Kivu wanayoitolea mfano ni nchi ya milima yenye mvua sehemu kubwa ya mwaka. Migato haiko huko.

Na masika nayo yana hatari yake. Huu ni mkoa wa pamba, na pamba hupigwa dawa ya wadudu mara kadhaa kwa msimu. Nyasi laini zilizo karibu na nyumba mara nyingi ni zile za pembezoni mwa shamba la pamba, na mtoto anayefyeka mfuko mmoja kabla ya kwenda shule hana habari jirani amepulizia lini. Asubuhi ya pili anakuta sungura wamelala ubavu na hakuna wa kumweleza ni kwa nini. Watu wazima wenye nia njema huongeza baya jingine: wanachota mashudu ya pamba ya ng'ombe na kuwawekea sungura. Mashudu hayo yana sumu ya asili iitwayo gosipoli. Ng'ombe mkubwa huivumilia kwa kuwa ana tumbo la kucheua, ambalo huipunguza makali. Sungura na simbilisi hawacheui.

Maji nayo ni chakula. Sungura wa kilo tatu anakunywa kati ya robo na nusu lita kwa siku, na jike anayenyonyesha wakati wa joto huweza kufika lita nzima au kuipita. Kaya yenye majike mawili na watoto wao inamaliza dumu la lita 20 kila wiki, bila kuhesabu maji ya kuoshea banda. Ng'ombe hupelekwa lamboni akanywa huko huko. Sungura hawezi kupelekwa, kwa hiyo maji yanamfuata yeye, na yanamfuata kichwani mwa mtu. Tunajua wote ni kichwa cha nani. Mnyama alipewa kaka, na dumu linabebwa na dada. Sijawahi kusikia anayesema sungura hana gharama akimhoji dada huyo.

2. "Hahitaji nafasi"

Nieleze boksi moja nililolitazama kwa karibu, katika ua mmoja wa Migato. Lilikuwa limeundwa kwa mbao za kreti la soda, limefunikwa kipande cha bati, limesukumwa ukutani mwa jiko. Sakafu ilikuwa ya mbao zilizobanana, haina upenyo hata wa kidole, kwa hiyo mkojo ulituama. Ukiinama harufu inakupiga machoni mpaka yanatoka machozi. Ndani mlikuwa na jike moja jeupe. Nyayo zake za nyuma zilikuwa zimepoteza manyoya, na mahali pa manyoya palikuwa na kidonda chekundu chenye ganda. Kucha zilikuwa zimejikunja kama ndoana. Alikuwa na nafasi ya kugeuka, basi. Kusimama kwa miguu ya nyuma, jambo ambalo sungura yeyote hufanya akitaka kuangalia mbali, hakuweza.

Mwenye nyumba hakuwa mtu katili. Aliamini tu kile ambacho kila mtu anaamini, kwamba kiumbe kidogo kinatosha popote.

Sungura hatoi jasho. Joto la mwili wake hutoka kupitia masikio na kwa kuhema. Hewa ikipita nyuzi 30 anaanza kutaabika, na chini ya bati bila dari nyuzi 30 za nje zinakuwa nyingi zaidi ndani. Kwa hiyo wenye huruma humhamishia ndani, hasa usiku, kwa hofu ya nguchiro, nyoka na mbwa wa jirani. Ndani ni wapi? Ni jikoni, au chumba wanacholala watoto. Hapo gharama inageuka ya kiafya. Sungura na simbilisi hubeba fangasi wanaoambukiza watoto mapunye. Pumba na majani yaliyomwagika huita panya, na panya huja na viroboto wake. Kinyesi kinaingia kwenye mkeka. Mama anafagia mara mbili kwa siku na bado harufu inabaki kwenye sare za shule. Yule aliyesema mnyama hahitaji nafasi hakukadiria kwamba mnyama atachukua nafasi ya watoto.

Wa mjini wenye hamsta wasidhani wamepona kwa kuwa kizimba chao ni cha plastiki na kina gurudumu. Hamsta wa dhahabu wanaouzwa leo duniani karibu wote ni uzao wa familia moja iliyochimbuliwa ardhini karibu na Aleppo, Syria, mwaka 1930, na mwanazoolojia Israel Aharoni. Ni mnyama wa shimoni, wa usiku, na wa upweke. Wakomavu wawili ukiwaweka pamoja wanapigana, wakati mwingine mpaka mmoja afe. Mtoto anamtoa mchana wa saa nane kuwaonyesha rafiki zake, mnyama aliyekuwa usingizini anashtuka na kung'ata, mtoto anamtupa chini. Baba aliyemnunua anasema mnyama huyu mkali.

3. "Anamfunza mtoto kuwajibika"

Hapa ndipo wapinzani wangu wanapojiona wamenishinda, na hapa ndipo hoja yao inapojipinga yenyewe.

Mtu huwajibika kwa jambo ambalo ana mamlaka nalo. Mtoto wa miaka tisa anapewa sungura, anaambiwa ni wako, uwatunze. Hana hela ya kununua misumari ya kukarabati banda. Hawezi kumwita bwana mifugo. Haamui maji ya nyumbani yagawanywe vipi. Sungura akiugua, mtoto analaumiwa. Sungura akinenepa, baba anapokea mgeni kutoka Lagangabilili na jioni kuna nyama mezani. Au ada ya mtihani imepungua, sungura wanne wamekwenda kwenye gulio asubuhi mtoto akiwa darasani. Anarudi, anafungua boksi, anakuta nyasi.

Sisemi sungura asiliwe. Nasema usimwambie mtoto ni wake halafu ukamchinja bila neno. Alichojifunza siku hiyo si kuwajibika. Amejifunza kwamba kitu alichokihangaikia miezi sita kinaweza kuondoka bila yeye kuulizwa, na kwamba mtu mzima akitoa kitu bado anakihesabu kuwa chake. Wapo wanaosema hayo ndiyo maisha, mtoto akomae. Basi waseme wazi kwamba wanamkomaza, waache kusema wanamfunza kuwajibika.

Upande wa pili wa jambo hili ni mnyama mwenyewe. Shuleni kuna mitihani, kuna msimu wa kuvuna pamba ambapo kila mkono unatakiwa shambani, kuna malaria, kuna safari ya kumzika ndugu Meatu inayochukua siku nne. Watoto husahau, na kusahau ni haki yao ya utoto. Mnyama aliyefungwa hana pa kwenda kujitafutia. Mbuzi akisahauliwa atakula majani ya ua. Sungura akisahauliwa kwenye boksi anakufa mahali pale pale alipowekwa.

Tunajua utunzaji wa dhati wa mnyama mdogo unafananaje, kwa sababu Tanzania ina mfano unaojulikana duniani. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Kila panya wa pale huanza kuzoeshwa kwa watu akiwa na umri wa wiki chache, hufunzwa kwa muda wa karibu mwaka mzima, na nyuma yake wapo watu wazima walioajiriwa kumlisha, kumpima uzito na kumsafishia. Hiyo ndiyo kazi ambayo kiumbe wa kilo moja anaidai akitunzwa kwa haki. Sisi tunaikabidhi kwa mtoto wa darasa la tatu, tena baada ya kuchota maji.

4. "Akizaa ni hela"

Jike la sungura hubeba mimba siku 31 tu, huzaa sita au wanane kwa kawaida, na huweza kupandwa tena siku hiyo hiyo aliyozaa. Watoto wake wanakomaa wakiwa na miezi minne hadi sita. Wauzaji wa jozi za kwanza husimulia hesabu hii kwa furaha. Wananyamazia kwamba kila mdomo wa watoto hao utahitaji majani Septemba, na kwamba madume yakikomaa pamoja yanang'atana hadi kuhasiana.

Na mnunuzi ni nani? Usukumani nyama ya sherehe ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Wasabato, ambao Kanda ya Ziwa wapo kwa wingi, hawali sungura kabisa kwa mujibu wa Mambo ya Walawi. Mtu anayeuza sungura kwenye gulio mara nyingi anamuuzia mwingine anayetaka kuanza kufuga, na huyo naye atamtafuta mwingine anayetaka kuanza. Biashara ya namna hiyo inakwenda vizuri hadi siku wanaoanza wanapokwisha. Kenya waliiona mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014 kwa kware. Watu walikimbilia ndege wadogo wasiohitaji nafasi, mayai yakauzwa kama dawa, wafugaji wakajaa, bei ikaporomoka ndani ya miezi michache. Wengine waligundua katikati ya safari kwamba kware alihesabiwa kuwa mnyamapori na kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kilihitajika.

5. "Huyu tumemwokota, hana hasara kwa mtu"

Itilima ni wilaya inayogusa Pori la Akiba la Maswa, na ng'ambo yake ni Serengeti. Watoto huja nyumbani na kinda la kanga, mtoto wa tumbili, kobe, kasuku. Wazazi wanacheka na kutafuta kamba.

Hasara ipo, na imewahi kupimwa. Kwenye migunga na mibuyu ya nyanda hizi za kusini mwa Ziwa Victoria huishi kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na duara jeupe kuzunguka jicho. Wataalamu humwita Agapornis fischeri. Makao yake ya asili ni hapa kwetu kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1987 alikuwa ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote katika biashara ya dunia, na alinaswa ili akae ndani ya vizimba sebuleni mwa familia za ughaibuni ambazo nazo ziliamini ndege mdogo hana kazi. Idadi yake porini ilishuka sana. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku moja kwa moja uingizaji wa ndege wa porini mwaka 2007, na Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Kobe yule bapa wa kwenye miamba ya kaskazini na kati ya nchi, ambaye hutaga yai moja kwa mara moja, aliwekwa kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini, mwaka 2019. Sababu kubwa ni hiyo hiyo: watu wanaotaka kobe mdogo nyumbani.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukaa na mnyamapori bila kibali, na haisemi kwamba mdogo anasamehewa. Mzazi anayemfungia kamba mtoto wa tumbili anamweka mwanawe pamoja na mnyama atakayeng'ata akikomaa, na anajiweka mwenyewe mbele ya sheria.

Mtoto wa mbwa hayumo kwenye sheria hiyo, lakini naye huokotwa kwa urahisi ule ule na kuachwa bila chanjo. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, yapata 1,000, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, yaani vijiji kama hivi vyetu. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, na anayecheza na mbwa kuliko wote katika kaya ni mtoto. Chanjo hutolewa kwa kampeni mara kwa mara. Wanaokosa kupelekwa ni wale watoto wa mbwa ambao "ni wa mtoto", maana hakuna mtu mzima anayejiona mwenye mali.

Ninachodai ni kifupi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na mwenye mnyama ndiye mwenye wajibu. Basi mwenye mnyama awe mtu mzima, kwa jina lake, na akubali mbele ya kaya nzima. Akubali kwamba majani ya kiangazi yatatoka kwenye bustani yake, maji yatachotwa kwa zamu na wavulana pia, banda litakuwa na sakafu yenye mianya na kivuli cha kweli, madume na majike yatatenganishwa, na mtoto ataambiwa tangu siku ya kwanza kama mnyama huyu ni wa kuliwa, wa kuuzwa au wa kukaa. Mtoto asaidie, ashike, afurahi. Asiachiwe.

Na wewe mjomba uliyeko stendi ya Bariadi ukisubiri gari la Migato na boksi lililotobolewa matundu, mpigie simu mama wa nyumba hiyo kwanza. Yeye ndiye atakayefagia, na yeye ndiye atakayelaumiwa. Akisema hapana, rudi na boksi lako ukamnunulie mtoto viatu vya shule.